Kinundu cheupe hakilishi soya: safari ya elektroni nane ndani ya bakteria



Msimu uliopita niliitwa kwenye shamba la soya la kijana mmoja wa kata yangu. Ekari tatu, mbegu ya kununua, chanjo ya rhizobia ameweka kama tulivyofundishana, palizi safi kabisa. Shida moja tu, majani yalikuwa ya njano. Akaniuliza, "Bwana shamba, hii ni nini tena?" Nikang'oa miche mitatu, nikaona vinundu vimejaa kwenye mizizi, nikamwambia asubiri, bakteria wapo kazini, rangi itarudi. Haikurudi. Mavuno hayakulipa hata gharama, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa mkopo wa kikundi.

Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu vinundu, sikuvipasua. Nilikuja kuvipasua wiki kadhaa baadaye, maua yameshadondoka na hakuna cha kuokoa. Ndani vilikuwa vyeupe, vichache vya kijani hafifu. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi ndani, kama nyama mbichi. Udongo tulipoupima ulisoma pH 4.8.

Baada ya hapo yule kijana aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Kinundu kipo, bakteria yumo ndani, sasa anashindwaje kufanya kazi?" Kumjibu "udongo una tindikali" ni sawa na kumwambia mwenye pikipiki iliyozima kwamba pikipiki ni mbovu. Inabidi ufungue injini. Basi leo tufungue injini ya bakteria mpaka kwenye atomu zake. Ni ndefu kidogo, weka chai pembeni.

Hewa unayovuta sasa hivi, asilimia 78 ni naitrojeni. Shamba lako limezama ndani ya naitrojeni kama samaki alivyozama majini, lakini mmea hauwezi kuitumia hata chembe. Atomu mbili za naitrojeni hewani zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuvikata ni kazi ngumu mno. Viwanda vya mbolea huvikata kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo wa zaidi ya mara mia moja ya ule wa hewa ya kawaida. Hapo ndipo urea yako inapoanzia, na ndiyo maana bei yake hupanda gesi inapopanda.

Bakteria anafanya kazi hiyo hiyo ndani ya udongo wa kawaida, kwa joto la kawaida. Chombo chake ni kimeng'enya kinachoitwa naitrojenezi. Kwa miaka mingi wanasayansi walijua kinafanya nini na kina madini gani ndani yake, chuma, salfa na molibdenamu. Hawakujua madini hayo yamepangwaje. Ni kama kuambiwa injini ina bolti, pete na pistoni bila kuonyeshwa zinavyokaa.

Kuiona haikuwa rahisi. Darubini ya kawaida hutumia mwanga, na wimbi la mwanga ni kubwa mno kuonyesha atomu, sawa na kutaka kupapasa maandishi ya sarafu ukiwa umevaa glovu za kulehemu. Mionzi ya eksirei ina mawimbi madogo ya kutosha, lakini molekuli moja ikipigwa eksirei hairudishi ishara unayoweza kuisoma. Dawa ni fuwele. Chumvi na sukari mezani kwako ni fuwele: molekuli nyingi zimejipanga safu kwa safu, zote zikitazama upande mmoja. Ukiweza kuifanya protini nayo ijipange hivyo, mabilioni ya molekuli hutawanya eksirei kwa pamoja, na yanatokea madoa kwenye kipokezi. Kutoka kwenye madoa hayo, kwa hesabu nyingi, unachora ramani ya mahali ilipo kila atomu.

Protini zilizotumika zaidi hazikutoka kwenye rhizobia wa soya. Zilitoka kwa Azotobacter vinelandii, bakteria anayeishi huru udongoni, kwa sababu anafugika kirahisi maabara na anatoa kimeng'enya kingi. Mashine ni ya aina ile ile, hivyo tunachojifunza kwake kinatuhusu. Taabu ni kwamba naitrojenezi haivumilii oksijeni. Ile sehemu yake dhaifu zaidi, ukiiacha hewani, nusu yake inakufa kabla dakika moja haijaisha. Kwa hiyo kila hatua, kuanzia kusafisha mpaka kukuza fuwele, hufanyika ndani ya vyombo visivyo na oksijeni kabisa.

Mwaka 1992 kundi la Douglas Rees, pale Caltech, Marekani, lilitoa ramani za protini zote mbili zinazounda naitrojenezi. Ndiyo, ni mbili, na hapa ndipo utamu ulipo.

Ya kwanza ni ndogo. Tuiite mchukuzi. Imeundwa na nusu mbili zinazofanana, na katikati yake, kama kitu kilichoshikwa kwa viganja viwili, pana kishada kimoja cha madini, atomu nne za chuma na nne za salfa. Kazi yake ni kubeba elektroni moja kwa safari, basi. Ya pili ni kubwa karibu mara nne ya ile. Tuiite mpishi. Ina pande mbili zinazojitegemea, na kila upande una vishada viwili. Cha kwanza kinaitwa kishada P, chenye chuma nane na salfa saba. Cha pili, kilichofichwa ndani kabisa, ndicho jiko lenyewe. Kina chuma saba, salfa tisa, na pembeni molibdenamu moja. Moja tu. Hapo ndipo naitrojeni ya hewani inapokamatwa na kugeuzwa amonia.

Elektroni ndiyo fedha ya shughuli hii. Kukata kile kifungo cha naitrojeni na kuibandika haidrojeni ni kuipatia elektroni. Molekuli moja ya naitrojeni inataka elektroni sita ili zitoke amonia mbili, lakini mashine inatumia nane, kwa sababu mbili huishia kutengeneza gesi ya haidrojeni. Unaweza kusema ni upotevu, na ni kweli, ingawa baadhi ya rhizobia wa soya wana kimeng'enya kingine cha kuikamata haidrojeni ile na kurudisha sehemu ya nishati.

Sasa fikiria mchukuzi anabeba elektroni moja tu kwa safari. Nane zinataka safari nane. Anaikabidhi moja, anaachia, anakwenda kujazwa nyingine na protini ndogo ndogo za bakteria, mchukuzi mwingine anachukua nafasi. Na kila safari ina nauli, ATP mbili. ATP ni kama tokeni ya umeme ya seli. Ina fosfeti tatu kwa mstari, ukivunja ya mwisho unapata nishati na inabaki ADP. Piga hesabu mwenyewe. Safari nane mara mbili ni ATP 16 kwa molekuli moja ya naitrojeni.

Nani analipa? Soya yako. Mmea unapeleka sukari kwenye kinundu, bakteria anaichoma kwa oksijeni, ATP inapatikana. Rudia tena neno fosfeti. Ile F ya TSP na DAP unayoweka wakati wa kupanda inaingia kwenye mizizi, kwenye mbegu, na pia kwenye tokeni hizi. Ndiyo maana jamii ya kunde yenye njaa ya fosforasi haifungi naitrojeni vizuri hata ukiichanja mara tatu. Wapo wanaoniambia "soya haina haja ya mbolea, inajitengenezea". Inajitengenezea naitrojeni. Fosforasi haitoki hewani.

Turudi kwenye injini. Ramani za 1992 zilionyesha mchukuzi peke yake na mpishi peke yake. Swali likabaki palepale: wanakabidhianaje? Elektroni haina waya wa kupitia ndani ya protini. Inaruka kutoka kishada hadi kishada, na kuruka huko kuna masharti makali. Hebu waza mawe ya kuvukia mtoni. Jiwe likiwa karibu unavuka kwa hatua moja, likisogea kidogo tu unakwama. Kwa elektroni, ukiongeza pengo kwa takriban 0.17 ya nanomita, kasi ya kuvuka inashuka mara kumi. Nanomita yenyewe ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Watafiti waliokusanya vipimo vya protini nyingi waliona mwaka 1999 kwamba viumbe haviachi pengo kubwa zaidi ya nanomita 1.4 hivi kati ya kituo na kituo pale elektroni inapotakiwa kupita kwa kazi.

Kupima pengo kati ya mchukuzi na mpishi ulitakiwa uwapige picha wakiwa wameshikana. Lakini wao hushikana na kuachiana mara kadhaa kwa sekunde, na fuwele inataka molekuli zitulie. Watafiti wakatumia ujanja ambao mimi naupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya hadithi hii. Walichanganya ADP na floridi ya aluminiamu. Aluminiamu hiyo ikiwa na floridi zake nne inakaa mahali ambapo fosfeti ya tatu ingekaa, na umbo lake linafanana na fosfeti iliyo katikati ya kuvunjika. Mchukuzi anadanganyika. Anaona kama nauli iko katikati ya kulipwa, anabaki amemshika mpishi, haachii. (Tusichanganye mambo, hii si ile sumu ya aluminiamu inayochoma mizizi kwenye udongo wenye tindikali. Hiyo inakuja.)

Picha ya kundi lile lililogandishwa ilitoka mwaka 1997. Mpishi yuko katikati, mchukuzi mmoja kila upande. Zile nusu mbili za mchukuzi zilikuwa zimezunguka kidogo kuelekeana ukilinganisha na anavyokaa peke yake, na kwa kuzunguka huko kishada chake kilikuwa kimesukumwa nje, kuelekea kwa mpishi. Ukipima kutoka ukingo hadi ukingo, pengo kati ya kishada cha mchukuzi na kishada P lilikuwa karibu nanomita 1.4. Pengo linalofuata, kutoka kishada P hadi jikoni, nalo ni karibu kiasi hicho hicho. Mawe matatu mtoni, yamepangwa mstari, hakuna lililo mbali kupita kiasi.

Kwa hiyo ATP haivunjwi ili nishati yake "isukume" elektroni kama pampu inavyosukuma maji. Kazi yake kubwa inayoonekana kwenye ramani hizi ni kubadilisha umbo la mchukuzi, amshike mpishi sawasawa, kishada kisogee, halafu nauli ikishalipwa aweze kuachia. Mwaka 2005 zilitoka ramani nyingine za wawili hawa katika hali tofauti: bila nauli, na nauli isiyoweza kuvunjika, na ADP baada ya malipo. Mchukuzi alionekana ametua sehemu tofauti kwenye uso wa mpishi, kana kwamba anatembea juu yake hatua kwa hatua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wafanyabiashara watalielewa haraka. Ungetarajia elektroni itoke kwa mchukuzi, ifike kishada P, kisha iende jikoni. Upo ushahidi kwamba mambo huenda kinyume. Kishada P kinatoa kwanza elektroni yake kwenda jikoni, kinabaki na deni, ndipo mchukuzi anakuja kulifidia. Yaani mali inatoka dukani kabla fedha haijaingia, na deni linalipwa papo hapo.

Na jiko lenyewe? Ramani ya 1992 ilionyesha katikati yake kama pana uwazi, chuma sita zimezunguka mahali patupu. Watu walishangaa, lakini ramani ndivyo ilivyosema. Mwaka 2002 walipopata fuwele nzuri zaidi, za kuonyesha vitu vya ukubwa wa nanomita 0.116, wakakuta hapakuwa patupu. Palikuwa na atomu moja nyepesi, iliyokuwa imefunikwa na mawimbi ya hesabu yanayotokana na zile chuma nzito zinazoizunguka. Ni atomu gani? Ilichukua miaka mingine tisa. Mwaka 2011 ikathibitishwa kuwa ni kaboni. Fuwele, hesabu na miaka 19, kujua kilichomo ndani ya kitu ambacho kinundu cha kunde pale nyumbani kwenu kinakiunda bila kelele.

Sasa turudi kwa yule kijana na vinundu vyake vyeupe.

Umeshaona kwamba kila jiko linataka molibdenamu moja. Ni kidogo sana, kwa hekta nzima tunazungumzia makumi ya gramu tu. Lakini ikikosekana, naitrojenezi hii haina jiko. Bakteria ataingia kwenye mzizi, kinundu kitajengwa, mmea utakilisha sukari, na amonia haitoki ya maana. Na molibdenamu ina tabia ya pekee. Madini mengi madogo kama chuma, zinki na manganizi yanapatikana zaidi udongo ukiwa na tindikali, yenyewe inakwenda kinyume. Tindikali ikizidi inashikwa na chembe za udongo, mizizi haiipati. Ukiweka chokaa, inaachiliwa. Kwa hiyo mara nyingi huhitaji kununua molibdenamu, iko shambani kwako imefungiwa.

Chokaa ya kilimo inafanya na kazi nyingine kwa wakati mmoja. Inapunguza ile aluminiamu yenye sumu inayofupisha mizizi, inaongeza kalsiamu, na inawapa rhizobia mazingira ya kuishi. Ndiyo maana siwezi kukuapia kwamba kwenye shamba lile tatizo lilikuwa molibdenamu peke yake. Kwa pH 4.8 kuna wagonjwa wengi kitanda kimoja. Kinundu kinaweza pia kuwa cheupe kwa sababu kimejengwa na bakteria wa kienyeji wasiofaa kwa soya, au chanjo iliyokufa kwa jua kabla ya kupandwa. Pima udongo, weka chokaa kwa kiasi kipimo kinachosema, mapema kabla ya kupanda ili ipate muda wa kufanya kazi. Usikadirie kwa macho.

Wale mnaotaka kupaka mbegu molibdenamu, angalieni mambo mawili. Chumvi yake ikikutana moja kwa moja na chanjo inaweza kuua bakteria uliowanunua, kwa hiyo fuata maelekezo ya bidhaa kuhusu kuchanganya. Na usizidishe ukidhani ni mboji. Molibdenamu nyingi kwenye majani inamfanya ng'ombe akose shaba mwilini, na wengi wenu mabaki ya soya mnalishia mifugo.

Ile rangi nyekundu nayo sasa inaeleweka. Bakteria ana shida ya ajabu, anataka oksijeni ili achome sukari apate ATP 16, lakini oksijeni hiyo hiyo inaua mchukuzi wake. Mmea unatatua kwa kutengeneza protini inayofanana na ile ya damu yetu. Inaishika oksijeni na kumpelekea bakteria kidogo kidogo, bila kuiacha ielee ovyo ndani ya kinundu. Nayo ni nyekundu kwa sababu hiyo hiyo damu ni nyekundu. Kinundu kikiwa cha waridi, ugavi wa oksijeni umepangwa na kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, kazi haijaanza au haitaanza. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka. Na shamba likituama maji siku kadhaa, hewa haifiki, ATP haitoki, mchukuzi amekaa bila nauli. Ndiyo maana soya ya bondeni inageuka njano baada ya mvua kubwa hata kama chanjo ilikuwa nzuri.

Kuhusu urea. Mmea unaofunga naitrojeni unalipa sukari nyingi, umeiona hesabu. Ukiumwagia urea ya kukuzia unaupa ya bure, unapunguza kulisha vinundu. Utaona kijani kizuri wiki mbili tatu, kisha wakati wa kujaza maganda, njaa inaporudi, vinundu havipo. Kwenye maharage sitabishana sana na anayeweka kidogo wakati wa kupanda, maana maharage ni mvivu wa kufunga naitrojeni ukilinganisha na soya. Kwenye soya iliyochanjwa vizuri, fedha ya urea ipeleke kwenye fosforasi au chokaa.

Namna ya kupasua: nenda kati ya wiki ya tano na ya saba, kabla au wakati wa maua. Chimba kwa jembe, usivute, vinundu vizuri hukaa karibu na mzizi mkuu na hukatika. Chukua miche kumi kutoka sehemu tofauti, pasua vinundu vitano kila mche kwa wembe au kucha, hesabu vya waridi. Ukikuta zaidi ya nusu ni vyeupe, niite wiki hiyo hiyo. Wakati huo bado unaweza kuokoa zao kwa kuweka naitrojeni ya dukani, japo inauma. Nilipaswa kumwambia hivyo yule kijana mapema.

Yeye amekubali kupanda tena, na sikutegemea. Ekari moja na nusu ameweka chokaa miezi miwili kabla ya mvua, ekari moja na nusu ameacha kama ilivyokuwa, mbegu moja, chanjo moja, siku moja. Wiki ijayo soya inafika wiki ya sita. Nitakwenda na wembe.